Chizuru na Jino la Ishirini

Kwenye friji ya zahanati ya meno ya Daktari Sasaoka, pale Kumano, Japani, kuna kisahani cha kaure chenye vishimo vitatu ambacho hakuna anayeruhusiwa kukigusa ila Chizuru. Daktari mwenyewe hakigusi. Aliwahi kukisogeza mara moja ili apate pa kuweka chupa yake ya chai ya shayiri, na Chizuru akamnunia mpaka saa ya kufunga. Tangu siku hiyo chai inakaa mlangoni mwa friji, na kisahani kinakaa rafu ya kati peke yake.

Sababu ipo. Gundi ya meno anayoichanganya Chizuru haina subira. Ukiichanganya kwenye chombo chenye joto la chumba, inaanza kuganda kabla hujageuka. Kwenye chombo cha baridi inakupa dakika chache za kufanya kazi. Unatia matone manne ya maji ya gundi, tone moja la dawa ya kuiamsha, na katika kishimo cha pili unga mweupe laini. Unachovya ncha ya brashi ndogo kwenye maji, unaigusisha kwenye unga, na papo hapo kitone cha mviringo kinajitengeneza nchani. Kikizidi kinamwagika jinoni, kikipungua kinakauka njiani. Kinatakiwa kiwe cha kiasi chake, na kimfikie daktari pale pale anapokihitaji. Chizuru ameifanya kazi hiyo kwa miaka thelathini na mitatu. Si mtu wa kujipigia debe, lakini thubutu kumwambia kuwa ni kazi ndogo, uone atakavyokutazama.

Nyumbani kwake kazi hiyo ilikuwa na jina lingine. Mama mkwe wake, Kinuyo, aliiita kukoroga uji. Jirani akipita na kuuliza Chizuru yuko wapi, Kinuyo hujibu bila kuinua macho, "Kaenda kukoroga uji wa meno." Na jirani hucheka, kwa sababu Kinuyo ana ulimi mkali na ni afadhali kucheka naye kuliko kuchekwa.

Tuseme ukweli, bibi huyo alikuwa na kinyongo chake. Yeye ni mtengeneza brashi za kuandikia, mtoto wa watengeneza brashi, na mwanawe wa pekee, Yoshitaka, aliingia posta kwa sababu hakuvumilia harufu ya manyoya ya mbuzi. Kwa hiyo Chizuru alipoolewa, akiwa na miaka ishirini na mitatu, akitokea Kure ng'ambo ya mlima, Kinuyo alimwekea mto wa kukalia kando ya wake karakanani hata kabla ya harusi kusahaulika. Akampa kisu chembamba na fungu la manyoya, amfundishe kutafuta unywele uliolala kichwa chini. Unywele mmoja wa namna hiyo unaharibu brashi nzima. Hauonekani kwa jicho, unasikika kwa kidole gumba.

Kidole cha Chizuru hakikusikia kitu. Alijaribu miaka mitatu, hakufua dafu. Kushika brashi alijua, kuilowesha na kuichana ncha alijua vizuri mno, lakini manyoya yalimshinda. Kisha siku moja akahisi kweli, chini ya gumba, kitu kinachokwaruza kidogo ndani ya brashi iliyokwisha fungwa. Alijua maana yake. Lakini ilikuwa brashi ya tatu kuharibika wiki ile, na aibu ikamfunga mdomo, akaipanga pamoja na nzima. Baada ya mwezi ilirudi kutoka kwa mteja wa Nara, pamoja na barua fupi ya heshima, na heshima ile ilichoma kuliko matusi. Kinuyo aliisoma, akaikunja, akauondoa ule mto wa kukalia na kuuweka kabatini.  Chizuru angependa zaidi apigiwe mayowe.

Mwaka uliofuata aliumwa jino. Daktari Sasaoka wakati huo alikuwa kijana, zahanati ina miezi minne, na msaidizi wake ameacha kazi asubuhi hiyo hiyo. Chizuru alilala kwenye kiti akimwangalia akihangaika na brashi yake ndogo, kitone kinadondoka, kingine kinakauka, jasho linamtoka, mpaka akashindwa kuvumilia.

"Samahani, Daktari. Mbona unaikandamiza? Brashi haikandamizwi. Iguse tu, halafu uiachie."

"Wewe unajua?"

"Nimeolewa kwa watengeneza brashi."

Akaichukua, akagusa maji, akagusa unga, na kitone kikakaa. Daktari alikitazama kitone kile, akamtazama mgonjwa wake mwenye shavu lililovimba, akamwuliza kama ana kazi. Ndivyo Chizuru alivyopata mahali ambapo mkono wake ulikuwa na akili, na nadhani si watu wengi wanaojaliwa hilo maishani.

Sasa mambo ya jino la ishirini.

Kila Novemba mji huwaita wazee waliotimiza miaka themanini, na daktari wa meno huwahesabu midomoni. Mwenye meno yake mwenyewe ishirini au zaidi hupewa hati ndani ya fremu. Mwaka uliotangulia jirani yao, Umeyo, alipata kwa meno ishirini na mawili, na akaitundika hati palepale mlangoni ili hata mleta gesi asiikose. Kinuyo alikuwa anatimiza themanini Septemba. Alikuwa na meno ishirini kamili, wala si zaidi, na kila asubuhi aliyahesabu kwa ulimi kabla ya kunawa uso.

"Umeyo ana mawili ya ziada," alisema Yoshitaka siku moja mezani.

"Ya ziada ya nini? Ana mdomo mpana, ndiyo maana. Mimi yangu yanatosha."

Mwezi Juni, mvua ikiwa imeanza, Kinuyo alikuwa anafunga shina la brashi kwa uzi wa katani. Uzi huo hukazwa kwa mikono miwili, na watu wa zamani waliuongezea mkono wa tatu: waliung'ata. Daktari Sasaoka alikuwa amemkataza kwa miaka ishirini. Siku hiyo Kinuyo akang'ata, akavuta, na ndani ya kichwa chake akasikia mlio mdogo kama wa kijiti kikavu.

Chizuru aliporudi kazini alimkuta amekaa bila kugusa kazi, jambo lisilo la kawaida.

"Chizuru. Njoo uangalie humu."

"Umeng'ata uzi, Mama."

"Nimekuuliza nimefanya nini? Nimesema angalia."

Aliangalia. Ni jino la juu kushoto, lile lililouawa mshipa zamani na kutiwa kijiti cha chuma ndani. Lilikuwa na mstari mwembamba mweusi, na ukibonyeza upande mmoja, upande mwingine unabaki mahali pake. Chizuru alijua mara moja, na roho ikamwenda juu, lakini akasema tu kwamba kesho watamwona Daktari.

Daktari aliitazama picha ya eksirei kwa muda mrefu.

"Bibi, limepasuka wima. Toka juu mpaka mwisho wa mzizi. Kwa kawaida jino kama hili linang'olewa."

"Halafu?"

"Halafu unabaki na kumi na tisa."

Kinuyo aliweka mikono mapajani. Chizuru hakuwahi kumwona mdogo namna ile, na ilimuuma. Ni hati tu, mtu angesema, karatasi na fremu. Lakini mwanamke huyu alizika mume, aliona karakana sita za mtaa wake zikifungwa, na chochote kilichobaki kwake alikuwa akikihesabu kila asubuhi kwa ulimi.

"Ipo njia nyingine," alisema Daktari. "Tunalitoa kwa upole, vipande vyote viwili. Tunavisafisha nje, tunavigandisha, tunalirudisha kwenye shimo lake. Nimefanya mara nne. Mawili yapo mpaka leo, moja lilidumu mwaka, moja halikushika kabisa."

"Unagandisha na nini?"

"Gundi ya Chizuru."

Kinuyo aligeuka akamtazama mkwe wake toka kichwani hadi kwenye kandambili za zahanati.

"Ule uji?"

"Ule ule, Mama," alisema Chizuru.

"Haya. Kama hakuna kingine."

Walipanga Alhamisi mchana, wakati zahanati huwa imefungwa. Chizuru wiki nzima hakuwa na raha. Alikuwa amekwisha changanya gundi kwa vinywa vya nusu ya mji, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho angekutana nacho kila asubuhi kwenye supu ya miso. Jino lile likishindwa, atakula nalo, atakunywa nalo, na Umeyo ataambiwa. Yoshitaka alimwambia asijitie kiwewe. Yoshitaka ni mtu mwema, lakini kazi yake ni kuuza stempu.

Alhamisi ilikuwa siku ya tatu ya mvua bila kupumzika, hewa nzito mpaka karatasi zinalegea. Kinuyo alilala kwenye kiti na ganzi yake, kitambaa usoni chenye tundu la mdomo. Daktari alilitoa jino taratibu, kipande kimoja, kisha cha pili, akavilaza kwenye shashi iliyoloweshwa maji ya chumvi.

"Saa," alisema.

Chizuru alibonyeza saa. Juu ya mzizi wa jino kuna ngozi nyembamba ya nyuzi hai zinazolishika mfupani. Zikikaa nje zaidi ya dakika ishirini, au zikikauka, zinakufa, na hapo utakuwa umepanda kijiti. Daktari alichonga uchafu kwenye nyuso za ufa, akapaka asidi ya kijani hafifu, akahesabu mpaka kumi, akasuuza. Asidi ile huondoa utando wa vumbi la kuchonga na kuacha jino likiwa na matundu madogo mno yasiyoonekana. Gundi huingia humo na kugandia humo humo, hata baadaye huwezi kusema jino linaishia wapi na gundi inaanzia wapi. Bila hivyo gundi inakaa juu juu tu, na kitu kinachokaa juu juu hutoka siku yoyote.

"Kisahani."

Kilikuwa tayari pembeni mwake. Na hilo ndilo lilikuwa kosa. Kwa miaka thelathini na mitatu alikitoa kwenye friji pale tu kilipotajwa. Leo, kwa wasiwasi wake, alikitoa mapema ili kiwe karibu. Alikwisha dondosha matone manne na la tano, na ndipo alipoona, chini ya mwanga wa taa, jinsi kaure ilivyofifia. Kisahani cha baridi, hewa ya mvua: umande umetanda juu yake kote, hata ndani ya vishimo.

Hakuna mwingine aliyeona. Daktari alikuwa na miwani ya kukuzia, macho kwenye jino. Gundi iliyochanganyika na ule unyevu ingeganda tu, ingeonekana safi, ingeshika leo na kesho. Ingekuja kuachia mwezi wa nane au wa tisa, na kila mtu angesema ah, jino lilikuwa bovu. Chizuru aliyajua hayo yote kwa wakati mmoja. Alihisi pia aibu ile ya zamani, aibu ya msichana wa Kure, na mwenye jino amelala pale masikio wazi.

"Daktari, simama. Kisahani kimeshika umande. Kosa ni langu."

Mkono wa Daktari ulisimama hewani. "Dakika ngapi?"

"Tisa zimepita."

"Nina kumi na moja. Fanya."

Alimwaga vyote, akafuta kisahani kwa shashi, akakipuliza hewa kavu kila kishimo, akakipitisha kwenye mwanga, akakipuliza tena. Daktari alivilowesha vipande kwa maji ya chumvi upande wa mizizi, bila kugusa nyuso za ufa.

"Kimepoteza baridi," alisema Chizuru. "Itaganda haraka kuliko kawaida. Hatutakuwa na nafasi ya kurudia."

"Basi leo wewe ndiye utakayesema lini."

Matone manne. Moja. Unga. Aligusa, akaachia, kitone kikakaa. "Sasa." Daktari akakipokea akakiweka. "Sasa." Cha pili. "Sasa." Cha tatu, kando kando ya ufa. "Bana." Daktari akavibana vipande, gundi ikachungulia kwenye mstari wote, nyembamba na sawasawa. Wakangoja. Chizuru aligusa mabaki kisahanini kwa kucha, yakawa magumu. Daktari akakwangua ziada, akalirudisha jino shimoni, na Chizuru akampa vitone vitatu vya mwisho vya kulifunga na jirani yake lisicheze. Saa ilisoma dakika kumi na saba.

Walirudi nyumbani kwa miguu, kila mtu na mwavuli wake. Nusu ya uso wa Kinuyo ilikuwa bado ina ganzi na maneno yalimtoka segemnege.

"Ungenyamaza tu. Nani angejua?"

"Lingetoka, Mama."

"Najua lingetoka." Wakatembea kidogo. "Ile brashi ya Nara ulijua?"

"Nilijua."

"Hm," alisema Kinuyo. Kisha akasema mvua hii itaozesha biringanya, na wakazungumza habari za biringanya mpaka mlangoni.

Wiki sita zilizofuata zilikuwa za uji wa mchele, tofu laini ya soya na samaki aliyepondwa. Chizuru aliuficha mtungi wa figili za kuchachua, maana Kinuyo anazipenda kupita kiasi na ni ngumu. Siku ya kumi na mbili alimkuta bandani, mtungi uko wazi, anaikata figili kwa mkasi wa manyoya vipande vidogo kuliko punje za mchele.

"Mama!"

"Sitafuni. Namung'unya."

"Mkasi huo umekata nini leo?"

"Manyoya ya farasi. Safi kuliko mikono yako."

Hata hivyo alirudisha mtungi. Na uzi hakuung'ata tena, alinunua kibanio kwenye duka la vifaa vya uvuvi na kukitukana kila siku. Kile kifungo cha gundi kilicholishika jino na jirani yake kilipoondolewa, Daktari aligonga jino, akalisukuma kwa kidole, halikucheza. Fizi ilikuwa bado nyekundu, akasema tusiseme kitu kwanza. Septemba wakapika wali wa maharage mekundu kwa ajili ya miaka themanini, na bibi akatafunia upande wa kulia. Oktoba picha ilionyesha mfupa umelikumbatia jino pande zote, na siku hiyo Chizuru, njiani, alijinunulia keki nzima akaila peke yake kwenye benchi la kituo cha basi. Alikuwa na furaha ambayo hakutaka kumgawia mtu.

Novemba ikafika. Ukumbi wa mji ulijaa wazee wenye nguo za kutokea, na Umeyo naye alikuja, ingawa zamu yake ilikwisha pita, eti kuwatia moyo wenzake. Mhesabu alikuwa daktari kijana kutoka Hiroshima mjini, mpole, na kando yake binti wa ofisini mwenye fomu na kalamu. Kinuyo alikaa akafungua mdomo kama anayefungua duka.

Kijana alihesabu kwa sauti, akigusa moja moja kwa kioo chake. Chizuru alihesabu naye moyoni. Kumi na saba. Kumi na nane. Kumi na tisa. Kisha kioo kikasimama juu kushoto, kikarudi nyuma, kikasimama tena. Kijana akainamisha taa.

"Bibi, hili limefanyiwa nini?"

"Lilipasuka katikati. Likatolewa, likagandishwa, likarudishwa."

"Likarudishwa?" Alisukuma kwa kidole, mara mbili, safari ya pili kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Mzizi huu ni wako mwenyewe?"

"Ni wangu tangu nina miaka kumi."

Kijana alilitazama tena, safari hii kwa sababu tu alipenda kulitazama. "Basi ni lako," alisema. "Ishirini."

Binti akaandika. Chizuru alipumua, akagundua alikuwa amebana pumzi tangu kumi na tano. Umeyo alipiga makofi, na nadhani alipiga kwa moyo mweupe. Lakini Kinuyo hakuinuka kitini.

"Umeandika jina langu?"

"Ndiyo, Bibi. Hili hapa."

"Ongeza na la huyu." Alimwelekezea Chizuru kidevu.

Binti aliigeuza fomu huku na huku. "Bibi, hapa kuna mahali pa jina moja tu."

"Pembeni pana nafasi. Napaona mimi mwenye miaka themanini."

Binti alimtazama daktari, daktari akaangalia dari. 

"Sawa, Bibi," alisema binti, akaishika kalamu. "Niandike ni nani wako? Mkwe?"

"Hayo yanajulikana mji mzima," alisema Kinuyo. "Andika fundi. Fundi Chizuru."

Binti akaandika pembeni, kwa herufi ndogo, na Kinuyo akasubiri mpaka alipomaliza ndipo akainuka. Chizuru aliinama kutafuta mwavuli wake chini ya kiti. Siku hiyo hakuja na mwavuli, nje jua lilikuwa linawaka, na machozi yalikuwa yanamtoka bila simile.